Sikio la Mashudu

Nikifika mji wa ugenini, wenzangu hutafuta mahali pa kula. Mimi hutazama masikio ya paka. Kazi yangu ya ukalimani imenipitisha miji mingi kiasi, na karibu kila mji nimewakuta wamejilaza: juu ya boneti la gari lililotoka kuzimwa, kwenye ngazi za benki, chini ya meza ya mgahawa wakisubiri mtu aangushe kitu. Nikimwona aliyekatwa ncha ya sikio moja, najua mji huo una mtu anayewahangaikia, na moyo wangu hufurahi. Halafu, kabla furaha haijatulia, kitu kingine hunisimamisha. Juzi kilinisimamisha mbele ya duka la samaki, harufu ya magamba mabichi ikinipiga puani, mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni njaa. Sikuweza kumweleza palepale barabarani kwamba niliwahi kukata sikio la paka kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba nilimkata kwa sababu nilimpenda.

Nilizaliwa Singida, kijijini, katika boma lenye mbuzi wengi kuliko watu. Kila likizo nilichunga, na kabla sijajua kusoma nilijua alama za masikio. Kila ukoo ulikuwa na mkato wake. Wengine walipasua sikio katikati, wengine walitoboa tundu. Alama yetu ilikuwa kipembe, yaani pengo dogo la pembetatu, kilichochanjwa ukingoni mwa sikio la kushoto. Babu aliikata mwenyewe, kwa kisu kilichopitishwa motoni, na mbuzi mwenye alama yetu hata akipotelea kijiji cha tatu alirudishwa. Asiye na alama, nilivyoamini mimi, alikuwa wa yeyote atakayemwahi. Paka hatukuwatia alama kwa sababu hawakwenda popote. Paka kwetu alikuwa na kazi ya panya, alilala ghalani, na akisogelea nyama alirushiwa kandambili. Ni mimi tu niliyewaendekeza. Paka wetu wa mwisho alipokufa kwa kula panya mwenye sumu nililia siku tatu, na mama akaniambia niache upuuzi nikateke maji.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, akayapeleka Mombasa yakawe chakula cha ng'ombe. Mwaka niliotimiza miaka kumi mama alikuwa na kichanga, akachoka na maswali yangu, ikaamuliwa likizo ya mwezi wa sita niende na baba nikakae kwa Shangazi Mariamu, dada yake, aliyeolewa huko zamani na kubaki huko hata baada ya mumewe kufariki. Nilivuka mpaka nimeshika karatasi yangu ya kusafiria kwa mikono miwili, macho dirishani, nione nchi ya watu inavyotofautiana na yetu. Nyasi zilikuwa zilezile. Mbuzi walikuwa walewale. Nilianza kuhisi nimedanganywa.

Tulishusha mzigo kwenye maghala ya Shimanzi, nikapiga chafya kwa vumbi mpaka nikatokwa machozi, kisha baba akanipakia kwenye tuk-tuk kwenda Mji wa Kale. Aliniacha mlangoni kwa shangazi, akasema atanichukua safari ijayo, baada ya wiki tatu. Sikumsikiliza sawasawa. Nilikuwa nimeshaona paka saba, na sikuwa hata nimeingia ndani.

Walikuwa kila mahali, na hakuna aliyewaogopa wala wao hawakumwogopa mtu. Walilala katikati ya kichochoro, mikokoteni ikawazunguka. Walilala juu ya viti vya pikipiki, kwenye baraza za mawe kati ya wazee wanaokunywa kahawa, ndani ya karai tupu. Asubuhi mchuuzi wa samaki alipokaa na kisu chake, walipanga mstari mbele yake kwa adabu ambayo sisi darasani hatukuwahi kuwa nayo, na yeye akawatupia matumbo ya samaki mmoja mmoja huku akiwataja kwa majina. Siku moja mchana nilimwona mwanamume akitoka msikitini akamkuta paka kalala juu ya viatu vyake. Nilisubiri nione atakavyomrusha. Mtu yule alisimama, akamtazama, akatafuta kandambili za msikiti zile za kutawadhia, akazivaa akaenda zake. Niliketi pale kwenye baraza mpaka aliporudi saa ya sala iliyofuata. Paka alikuwa bado hajaondoka, na mtu wangu akaingia tena ndani kwa kandambili zilezile.

Mchungaji hawezi kuona wanyama wengi asiwahesabu. Siku ya tatu nilikuwa na idadi ya mtaa wetu: thelathini na mmoja. Na katika kuhesabu ndipo nilipoona masikio. Kumi na tisa walikuwa wamekatwa ncha ya sikio la kushoto, mkato mmoja ulionyooka, safi, wote sawasawa. Nilisisimka. Hapo palikuwa na kitu ninachokijua. Kumbe hawa hawakuwa paka wa kuzurura tu. Hili lilikuwa kundi, na lilikuwa na mwenyewe.

Nilimfuata shangazi aliyekuwa mlangoni akikaanga mahamri ya kuuza, uso wote jasho na harufu ya iliki.

"Shangazi, hawa paka ni wa nani?"

"Wa Mungu," alisema bila kuniangalia. "Nipe hiyo sahani."

Jibu hilo halikunitosha, nikaenda kwa Bi Esha. Bi Esha alikaa chumba cha chini, chini ya ngazi zetu, mjane mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeshona nguo za watu kwa cherehani la mkono. Jioni alichemsha vichwa vya samaki, akavichanganya na ugali, ambao wao huuita sima, akawatolea paka kwenye sinia kuukuu. Watoto wa mtaa walimwogopa kwa ulimi wake. Mimi nilikuwa mgeni, sikujua kwamba natakiwa kuogopa.

"Sabalkheri, Bi Esha. Wale paka ni wako?"

"Wangu wote," alisema, uzi mdomoni. "Kwani wataka kununua?"

"Na wale ambao hawajakatwa sikio?"

Alinitazama juu ya miwani. "Mwana wa bara una mato wewe, waona kila kitu! Hao bado. Mwezi huu huu, in shaa Allah, kuna msichana yuwaja na vizimba vyake, tawashika wote awamalize."

Sasa picha yangu ilikamilika, na ilikamilika vibaya. Bi Esha alikuwa tajiri. Alikuwa na kundi la paka kumi na tisa, tena alikuwa anangoja fundi wa alama aje amwongezee kumi na wawili. Nilimheshimu sana. Nilirudi juu nikakaa kwenye ngazi nikifikiria, kwa sababu katika hao kumi na wawili alikuwemo mmoja ambaye sikuwa tayari kumwacha.

Alikuwa jike mdogo, hajapevuka vizuri, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, rangi kamili ya mzigo wa baba, nikamwita Mashudu. Yeye ndiye aliyenichagua. Siku ya pili tu alinifuata kutoka kwa mchuuzi wa samaki hadi ngazini, akapanda mapajani, akaanza kunikandakanda kwa makucha kama anakanda unga. Tangu hapo nikiketi naye anaketi. Nikimwita kwa mdomo anakuja mbio mkia juu. Nilikuwa mbali na mama, kitanda si changu, watoto wa mtaa wanacheka nikisema "ugali", na kiumbe huyu aliniona mimi kuwa mtu wa maana. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kula.

Baba alipopiga simu kwa shangazi nilimwomba nirudi nyumbani na paka.

"Paka wa nani?" aliuliza.

"Hana alama."

Alicheka, lakini baba alikuwa mtoto wa mfugaji kama mimi. "Sikiliza. Mnyama wa watu sivuki naye mpaka. Hakikisha ni wako, ndipo tuzungumze."

Labda alifikiri amelimaliza kwa upole. Mimi nilisikia maelekezo.

Mkasi niliuchukua kwa Bi Esha, alipokwenda soko la Marikiti kununua viungo vya pilau. Ulikuwa mkubwa, wa kukatia vitambaa, mzito kuliko nilivyotegemea. Niliupitisha kwenye moto wa jiko la shangazi kama babu alivyofanya na kisu, nikaungoja upoe, nikapanda nao darini, yaani juu ya paa pale walipoanika nguo. Nilimwita Mashudu kwa mdomo, akaja. Nikampa dagaa. Nikamweka mapajani, akaanza kukoroma. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: kipembe kidogo tu, ukingoni, alama ya babu, na Bi Esha akimkuta hana la kusema. Nilishika sikio lake la kushoto. Lilikuwa la moto na jembamba, mwanga wa jua ukipita ndani yake na mishipa ikionekana. Aliinua uso akanitazama.

Nilikata. Naye akaruka wakati uleule.

Alitoa sauti ambayo sikujua paka anayo, akanichana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akapotea juu ya ukuta. Pembeni yangu, kwenye saruji, kulikuwa na kipande kidogo chenye manyoya, ukubwa wa ukucha wangu. Hakikuwa kipembe. Mkasi ulikuwa umechukua ncha yote, mkato mmoja ulionyooka. Nililia, na mpaka leo naona aibu kusema sababu iliyonijia kwanza. Sikulilia maumivu yake. Nililia kwa sababu nilitaka kumtia alama ya babu, na badala yake nilikuwa nimemtia ya Bi Esha. Kwa mkono wangu mwenyewe nilimpa tajiri paka wangu.

Nilirudisha mkasi. Shangazi alipoona mkono wangu nilisema nilimkanyaga paka mkia, akanipaka dawa ya kidonda na kunigombeza. Mashudu alionekana baada ya siku mbili, sikio limekauka damu nyeusi. Nilimwita kwa mdomo. Alisimama, akanitambua, akageuka akaenda njia nyingine. Nilimwekea dagaa ngazini kila siku, akala nikishaondoka tu.

Wiki ya mwisho alikuja yule msichana wa vizimba. Aliitwa Kadzo, daktari wa wanyama, Mgiriama mwenye sauti ya chini na mikono iliyojaa makovu ya makucha, akafika asubuhi na tuk-tuk iliyosheheni vizimba vya waya. Nilimganda tangu aliposhuka. Nilitaka kuona anavyokata alama. Lakini alipopiga magoti akitega dagaa ndani ya kizimba, alinieleza bila mimi kuuliza, kwa namna ya mtu anayependa kazi yake, kwamba paka hawa si wa mtu. Anawapeleka kwake Tudor, anawapiga sindano ya usingizi, anawafanyia upasuaji wasizae tena, maana wakizaa bila mpango watoto wanakufa kwa njaa na magonjwa vichochoroni. Kesho yake anawarudisha walipotoka.

"Na sikio?" niliuliza.

"Sikio namkata akiwa bado amelala, hata hasikii. Ni ili nikimwona tena nijue huyu nimeshamfanyia, nisimshike bure na kumpasua mara ya pili."

Nilihisi masikio yangu mwenyewe yanawaka. Kila nilichokuwa nimekijenga kwa wiki tatu, utajiri wa Bi Esha, kundi, fundi wa alama, kilianguka. Na hapohapo, kana kwamba ameitwa, Mashudu akashuka kutoka ukutani akapita mbele ya vizimba.

Kadzo alimtazama. "Huyu mbona kovu lake bado bichi? Simkumbuki."

"Huenda ni wenzako wamemshika kule sokoni," alisema Bi Esha kutoka mlangoni kwake.

Kadzo alisita. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeshinda nao. Huyu ameshafanyiwa, sivyo?"

Nakumbuka Bi Esha akiwa na sindano mkononi. Nakumbuka mkasi ukiwa juu ya meza ya cherehani, nyuma yake. Nilijua jibu la kweli, na nilijua kwamba la uongo litamdhuru Mashudu, si mimi.

"Ndiyo," nilisema.

Alimwacha apite. Jioni aliondoka na paka kumi na mmoja, na keshokutwa yake baba akanichukua. Njia nzima hadi Singida alijaribu kunichekesha. Hakuuliza habari za paka, akidhani nimesahau.

Nilirudi Mombasa likizo ya mwaka uliofuata, baada ya kumsumbua baba miezi mitatu. Kichochoro hakikuwa kile nilichokiacha. Paka walikuwa wengi mno, sikuweza kumaliza kuwahesabu, na wengi walikuwa wadogo, macho yamegandamana kwa usaha. Mchuuzi wa samaki sasa alikuwa na fimbo. Mashudu nilimkuta chini ya ngazi zetu, amekonda, ubavuni kwake vitoto vinne vikinyonya. Alinitazama tu. Nilichuchumaa kwa mbali.

"Hao ni wa mara ya tatu," alisema Bi Esha. "Wa kwanza walikufa wote, wa pili akabaki mmoja. Na yule muongo amuacha, ati tayari!"

"Nani?"

"Yule Kadzo wako. Ati daktari! Yeye na wenziwe wakata sikio tu wakala pesa za wafadhili wao. Nlimwambia hapa hapa, mbele ya watu, nkamtupia vizimba vyake nje. Nkamwambia asikanyage tena Mji wa Kale. Na mitaa mingine nayo ikamfungia milango, wallahi. Na sasa paka wa mitaa hiyo wahamia hapa kuzaa."

"Alisema nini?"

"Angesema nini? Alikusanya vizimba vyake akaenda zake yuwalia."

Nilipanda juu. Shangazi alinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimejiambia mwaka mzima kwamba uongo wangu ulikuwa mdogo, wa neno moja, kwa mtu ambaye sitamwona tena. Nilimwona Kadzo akilini mwangu, akipiga magoti vichochoroni kuokota vizimba, watu wakimtazama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fisi. Nilishuka ngazi, nikasimama mlangoni kwa Bi Esha, na nilipofungua mdomo nilianza na mbuzi. Nilieleza alama ya babu, na baba na mpaka, na mkasi, na darini. Nilieleza swali la Kadzo na jibu langu.

Cherehani lilikuwa limesimama zamani. Bi Esha alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

"Nlimtukana mwana wa watu," alisema hatimaye, polepole, si kwangu. "Mbele ya watu nlimtukana."

Akainuka, akavaa buibui lake. "Vaa viatu. Twende."

Tulipanda tuk-tuk. Kliniki ya Kadzo ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya chini ya jumba la kupanga kule Tudor, chenye harufu ya dawa na manyoya. Alitoka nyuma ya pazia akiwa na glavu mkononi. Alipomwona Bi Esha alirudi hatua moja nyuma.

"Nna langu la kukwambia," alisema Bi Esha, na sauti yake kali ilikuwa imeisha makali. "Lakini naaze huyu kwanza."

Akanisukuma mbele. Nikasema tena, mara hii bila mbuzi na bila babu, kwa sababu niliona havisaidii. Nilimkata mimi. Uliponiuliza nilikudanganya. Kadzo alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataniuliza kwa nini sikusema mapema, au kama najua watu walimwita nini. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu ya hayo ndani ya tuk-tuk.

Alivua glavu moja, kidole kimoja kimoja.

"Ulipomkata," aliuliza, "alikuwa amelala?"

"Hapana," nilisema. "Alikuwa mapajani mwangu. Alikuwa ananitazama."